Mdogo Wangu Kwenye Pazia la Sinema

Budapest, 9 Oktoba 1965

Dada yangu Klára,

Kahawa uliyotuma imefika salama, na tangu ifike nimepata marafiki ambao sikujua ninao. Jirani wa juu, yule anayegonga ukuta nikifanya mazoezi ya kuimba, juzi amegonga mlango, akajichekesha pale mpaka nikamkaribisha kikombe. Mwambie mumeo Imre ahsante sana.

Nina habari. Nimepewa filamu. Sisemi kile kipande cha mke anayemkimbiza mumewe na mwiko. Hicho ninacho kila wiki ukumbini, na watu wanacheka kabla sijafungua mdomo. Hii ni filamu nzima, na mimi ndiye ninayeibeba. Mwongozaji anaitwa Dezső Halmos, kijana mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi. Alipokuja nilidhani amekosea mlango. Nikamwambia, "Bwana Halmos, mimi ni mtu wa vichekesho. Nikiingia kwa muuza nyama tu, watu wanashika mbavu."

Akanijibu, "Ndiyo maana nimekuja. Anayejua kuchekesha anajua kunyamaza. Wenzako wote niliowajaribu wanajua kulia tu."

Dada, filamu inahusu Auschwitz. Mwanamke nitakayemwigiza anaitwa Etel. Anapelekwa kambini pamoja na mama yake, mama anaugua, na kila asubuhi wakati wa kuhesabiwa Etel anamshikilia asimame ili asionekane mgonjwa. Asubuhi moja mama anakata roho palepale mstarini, hesabu haijaisha, na Etel anaendelea kumshikilia. Kamera inabaki usoni pake. Hakuna neno hata moja.

Niliposoma ukurasa ule nilivaa koti nikatembea hadi mto Danube na kurudi. Kisha nikakubali. Sikukuuliza kwanza, na nadhani nilipaswa. Wewe na mama ndio mliokuwa kule. Mimi nilikuwa nimefichwa shambani kwa Mama Kocsis, nalisha bata na kujifunza kuitika jina la Kikristo lisilo langu. Uliporudi tulikaa pamoja miaka yote ile mpaka mlipoondoka mwaka 1956, na hukuniambia ila sentensi moja: mama alikufa kwa homa, kitandani, wakati wa baridi. Sikukudai ya pili. Sasa naiomba. Mlipohesabiwa mlisimama vipi? Nyuso zenu zilikuwa zinafanya nini? Niambie utakachoweza.

Nawabusu wote, hasa binti yako Vera. Amekuwa mrefu kiasi gani?

Mdogo wako,
Ági


Melbourne, 28 Oktoba 1965

Ági,

Hongera. Filamu nzima si jambo dogo. Imre amewatangazia wateja wote wa duka letu la keki kwamba shemeji yake sasa ni nyota, na mama mmoja wa Kipolandi akauliza kama umeshaolewa, kwa sababu ana mpwa daktari wa meno. Nikamwambia huyo mpwa aje kwanza anitazame mimi meno, halafu tutazungumza.

Huku joto limeanza mapema. Upepo unatoka bara umekauka kama wa kwenye tanuri, na krimu ya keki inalegea kabla haijafika mezani. Vera amenipita urefu. Anasema nami Kiingereza, mimi namjibu Kihangari, na tunagombana vizuri tu katika lugha mbili.

Sielewi kwa nini wamekuchagua wewe. Wanawake wenye nyuso za huzuni wamejaa Budapest. Mtu anayeweza kumchekesha mtu aliyetoka kazini amechoka ni nadra, na wewe ulikuwa hivyo tangu utotoni, ulipokuwa ukimwigiza mkuu wa posta wa kwetu Makó, na mama akitoka sebuleni ili wageni wasimwone anavyocheka. Mimi ningebaki na vichekesho.

Kuhusu maswali yako: kulikuwa na baridi, na tulisimama. Vera hajui lolote na nataka abaki hivyo. Yeye anachojua ni kwamba mama yake hapendi foleni.

Jifunike shingo ukitoka ukumbini. Ukitoka jasho unapata mafua mara moja.

Klára


Budapest, 20 Januari 1966

Dada Klára,

Nimenyolewa. Mwanamke aliyeninyoa ndiye anayenisuka kila wiki kwa ajili ya vichekesho, na safari hii alikuwa akinung'unika peke yake muda wote kama aliyelazimishwa kukata mti wa jirani. Nimepungua kidogo, maana Etel hawezi kuwa na mashavu yangu. Usiwe na wasiwasi, nakula.

Uwanja wa kambi wameujenga nje ya mji, kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa. Katika wanawake wanaojaza mistari, baadhi walikuwa kule kweli. Halmos hakuwatafuta, walisikia wakaja wenyewe. Mmoja anaitwa Bi Gizella Fenyves. Wakati wa mapumziko anafuma soksi, na hamtazami mtu.

Kazi inanishinda, dada. Mengine yote nimeyaweza, lakini kila tukijaribu ile asubuhi ya hesabu, Halmos anasimamisha kamera. Nalia, anasema, "Unalia kama mtu wa jukwaani." Nauma meno, anasema, "Sasa unaigiza ushujaa." Jana nilimuuliza, "Basi unataka nini?" Akasema hajui. Alikuwa mtoto vita ilipopiganwa, akasema, na anachojua ni kwamba alichokiona mpaka sasa ni uongo. Nilitaka kumrushia kiatu, ila alikuwa anasema kweli.

Nimemtazama Bi Gizella siku nzima nikitamani kumuuliza, nikashindwa. Nikajiambia, nina dada yangu wa tumbo moja, kwa nini niende kwa mgeni?

Sikuombi hadithi yote. Niambie kitu kimoja tu. Mtu aliyesimama pale, anamshikilia mwingine, anafanya nini na uso wake? Klára, tafadhali. Wengi wataitazama filamu hii ambao wakati ule walisimama barabarani wakiangalia Wayahudi wakipelekwa. Sitaki waone uongo wakatoka wamefarijika.

Ági


Melbourne, 11 Februari 1966

Shemeji Ágota,

Mimi si mtu wa kuandika, kazi yangu ni unga na mayai, kwa hiyo utanisamehe mwandiko. Klára hajui kama naandika.

Barua yako ilifika asubuhi tukiwa dukani. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kuhudumia watu. Nikadhani mambo ni shwari. Tangu siku ile akiamka anakwenda kusimama jikoni mbele ya dirisha, hajawasha jiko, hajagusa birika. Anasimama tu, wima. Nikimwita haitiki. Mwisho anageuka mwenyewe na kuniuliza mayai yamefika, kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Mimi vita vilinipita kwingine, nilikuwa kwenye vikosi vya kazi ngumu pamoja na marehemu baba yenu, na yangu ninayo. Tulipooana tulikubaliana hakuna atakayemchimba mwenzake. Tumeishi vizuri hivyo.

Najivunia wewe, Ágota. Picha yako ipo ukutani, ile ya mwiko. Lakini nakuomba kama kaka, mwache. Kama filamu haiwezi kupatikana bila yeye, basi isipatikane.

Shemeji yako,
Imre Lendvai


Budapest, 25 Februari 1966

Dada mpenzi,

Fupi tu leo, nina mazoezi. Ile filamu huenda nikaiacha. Ukumbi wetu unafungua mchezo mpya wa kuchekesha na tarehe zinagongana, na kusema kweli nimeanza kukumbuka vicheko. Nimemwambia Halmos atafute mwingine. Amenipa siku chache nifikirie, lakini sioni cha kufikiria.

Kwa hiyo yale maswali yangu yasahau. Yalikuwa upuuzi wa mtu aliyeshikwa na kazi. Niambie habari za Vera na mtihani wake. Na hapo dukani, mnaendelea na ile keki ya mbegu nyeusi za popi, au Waaustralia bado wanadhani ni mchanga?

Ukilala, lala vizuri, dada.

Ági


Melbourne, 14 Machi 1966

Ágota,

Hakuna aliyewahi kuniambia "ukilala, lala vizuri" ila daktari na mtu mwenye kosa. Nikamtazama Imre, Imre akatazama sahani yake. Amesema yote. Nimemnyima supu jioni ile, na kesho yake nikampa mara mbili.

Sasa nisikilize. Tarehe zinagongana, eti. Uliwahi kumdanganya mwalimu wa hesabu, ukamdanganya hata padri aliyekuja kwa Mama Kocsis, lakini mimi hujaniweza hata siku moja. Nani amekuambia mimi ni yai? Naweza kusimama kwenye dirisha la jikoni langu nipendavyo. Ukiacha kazi nusu kwa sababu yangu, ndipo utakuwa umenidhuru. Binti wa Hermina Szepes hafanyi hivyo. Kamwambie huyo mwenye ndevu chache kwamba unarudi.

Hili ndilo uliloniuliza. Nitaliandika mara moja.

Mtu halii. Machozi yanataka maji, na maji hatukuwa nayo. Mimi nilikuja kulia mwaka 1958, hapa Melbourne, ndani ya tramu, kwa sababu kondakta aliniona nimebeba mizigo akaniambia, "Kaa, mama." Nililia mpaka nikapitiliza kituo.

Wala mtu haumi meno. Kuuma meno kunaonekana. Uso unauacha kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Lakini ndani hujasafiri, ndani una kazi nyingi. Tulisimama watano watano. Unatazama shingo ya aliye mbele yako. Unapika. Mimi nilikuwa napika tambi za mbegu za popi. Nasaga mbegu, napima sukari, nachemsha maji, nikifika mwisho hesabu haijaisha naanza upya, na nilikuwa naghadhibika kweli nikisahau chumvi. Hiyo ndiyo ghadhabu pekee niliyokuwa nayo. Nyingine ilikuwa anasa.

Kumshikilia mtu hutumii mkono. Ukitumia mkono wanaona. Unatumia bega na nyonga, unajibana naye kama watu wawili wanaosikia baridi, na wa upande wa pili naye anajibana. Mikono inabaki chini. Uzito unaupokea kwenye goti, kwa hiyo goti lako lisilegee. Mtu akiwa hai anakuegemea kidogo kisha anajirudisha, anakuegemea kidogo, anajirudisha. Ukiona hajirudishi, unajua.

Ukishajua, hakibadiliki chochote. Hapo ndipo wenzako wote watakapokosea. Watataka kibadilike kitu usoni. Wewe endelea kupima sukari.

Usiniulize zaidi ya hapo. Na ule. Hukuniandikia umepungua kiasi gani, na mtu anayeficha kilo zake ananitia mashaka.

Vera amefaulu.

Klára


Budapest, 2 Mei 1966

Dada Klára,

Tumeipiga ile asubuhi. Nimengoja siku kadhaa ndipo nikuandikie.

Sikumwonyesha mtu barua yako. Niliisoma mpaka nikaijua, nikaiacha nyumbani. Nilimwambia Halmos kitu kimoja tu: asiniambie "anza", atuache tumesimama, na kamera iende itakapokwenda. Mama yangu wa kwenye filamu ni mwigizaji mzee wa Debrecen, mwepesi kama koti tupu. Bi Gizella Fenyves alikuwa upande wake wa pili. Tulipopanga mstari nilijibana kwa bega na nyonga, mikono chini. Nikasikia Bi Gizella ananitazama. Hajawahi kunitazama. Akasema polepole, "Nani amekufundisha hivyo?" Nikasema, "Dada yangu." Akaitikia kwa kichwa mara moja, akajibana naye kwa upande wake, na sote watatu tukawa kitu kimoja.

Nilipika. Nilipika tambi zako. Mwigizaji mzee alikuwa anajua kazi, alikuwa ananiegemea na kujirudisha, ananiegemea na kujirudisha. Kisha hakujirudisha. Nikaendelea kupima sukari, na nilipofika kwenye chumvi nikakuta nimeisahau.

Hakuna aliyesema "basi". Baadaye nilisikia kwamba mpiga kamera alikuwa analia huku anapiga, na Halmos alikuwa amekaa chini kwenye matope kama mtoto. Nilipoona imechukua muda nikageuka kuwauliza kama imefaa. Bi Gizella alinifunika na shali yake mwenyewe akasema, "Imefaa. Kajipashe moto." Ndiyo sifa pekee niliyoipata siku ile, na sitaki nyingine.

Sitakuuliza nani alikuwa upande wako, wala nani alikuwa katikati. Nataka ujue tu kwamba sikuuliza.

Nimeanza kula. Kweli.

Ági


Budapest, 20 Februari 1967

Dada mpenzi,

Umesoma magazeti niliyokutumia? Wanaandika kana kwamba nimezaliwa mwaka jana. Mwandishi mmoja kasema hakujua kwamba Ágota Szepes ana uso. Ninao tangu zamani, nimemjibu, ila wewe ulikuwa unatazama mwiko. Filamu imealikwa nje, Prague na Paris, na sasa wanasema hata huko kwenu. Kwa muuza nyama watu hawacheki tena. Walinipisha foleni nzima, nikawaambia, "Jamani, bado ni mimi, rudini mahali penu," ndipo mmoja akacheka, na wote wakapumua.

Lakini nataka kukueleza ya Makó. Waliniomba nije filamu itakapoonyeshwa nyumbani, nikaenda. Sinema ni ileile, viti vilevile vya mbao. Ukumbi ulijaa. Niliwatambua wengi, na wewe ungewatambua zaidi. Yule wa duka la mbegu alikuwepo. Yule aliyechukua nyumba yetu alikuwepo, amezeeka, amekuja na wajukuu. Nilikaa pembeni kuwaangalia wao badala ya filamu.

Ilipofika ile asubuhi, ukumbi mzima haukukohoa. Na mwisho taa zilipowaka, hawakutoka. Hawakupiga makofi, hawakutoka. Walibaki wamekaa wakitazama pazia tupu, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuinuka na kupita mbele yangu.

Aliyeinuka ni Mama Kocsis. Amekuwa mfupi, anatembea na fimbo, na alivaa viatu vya kanisani. Alipita katikati ya ukumbi, wote wanamwona, akaja akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, ile yenye harufu ya kitunguu mpaka leo. Akasema kwa sauti ya kumsikia kila mtu, "Huyu nimemlisha mimi." Kisha akageuka akawatazama, mmoja mmoja.

Nimechezea kumbi kubwa, dada, lakini sijawahi kuona fahari kama ile ya bibi yule mwenye fimbo, wala kuisikia ndani yangu kama nilivyoisikia pale. Nilisimama wima kama mtoto anayepimwa urefu.

Ikifika kwenu, si lazima uende. Nasema kweli. Ulishanipa ulichonipa.

Ági


Melbourne, 17 Juni 1967

Ági wangu,

Nimekwenda.

Sikumwambia Imre, nilisema naenda kununua uzi. Ni ukumbi mdogo karibu na chuo kikuu, na watu walijaa: wanafunzi wenye nywele ndefu, na wetu wengi, nikiwajua kwa migongo yao tu, wateja wangu wa keki. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Taa zilipokaribia kuzimwa mtu akaja akakaa pembeni yangu. Vera. Alikuwa ameona tangazo, akaona jina lako, na hakuniambia, kama nami nilivyomficha. Nilitaka kumfukuza, lakini taa zikazimwa.

Uliniandikia umepungua kidogo. Nimeiona mifupa ya shingo yako, mwongo wewe. Tutazungumza.

Mwanzoni nilikuwa sikutazami wewe, nilikuwa natafuta makosa. Matope yalikuwa mekundu mno. Vitanda vilikuwa safi mno. Nikafurahi, nikajiambia, si kule, ni mchezo tu. Kisha ikaja ile sehemu unapokula mkate. Umejikunja kwenye kona, unamega kipande kidogo, na mkono wa kushoto umeukinga chini ya kidevu, kikombe kabisa, chembe isidondoke. Ukimaliza unaulamba mkono, haraka, unatazama upande kama mtu aliyeiba.

Hilo sikukuandikia. Wala hakuna mwongozaji anayelijua. Nilijitazama mikono yangu gizani, nikaona wa kushoto umekwisha panda chini ya kidevu wenyewe, na sina mkate. Vera alinishika ule mkono, akaushusha taratibu, akaushikilia mapajani pake. Akaninong'oneza kwa Kihangari, "Mama, huwa unakula hivyo kila siku."

Nikajua umelitoa wapi. Nikajua pia kwamba hukujua kama umelichukua, maana ungejua ungeniomba ruhusa, wewe na adabu zako. Miaka yote ile mezani kwetu nilidhani nimekuficha kila kitu.

Halafu ile asubuhi. Ági, sitaisifu. Bi Gizella amekwisha isifu. Nitakuambia tu kwamba nilikutazama goti, na goti halikulegea. Na yule mama alipoacha kujirudisha, nilijua kabla ya ukumbi mzima, nami nikaendelea kukutazama usoni, na uso haukubadilika, na nikasema moyoni, chumvi.

Mama yetu hakufa kitandani. Unajua. Ulijua ulipoandika kwamba huulizi. Alikuwa katikati, mimi kulia kwake, na kushoto alikuwa msichana wa Szeged ambaye sikupata kujua jina lake la ukoo. Mama alikuwa ananiambia kwa sauti ya chini, usitie sukari nyingi, Ági ataoza meno. Alikuwa anapika pamoja nami. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na yalikuwa yako, na nimekaa nayo muda wote huu kama mwizi. Yachukue.

Taa ziliwaka. Watu hawakuinuka, kama ulivyosema ya Makó, ila hapa ilikuwa kwa sababu nyingine. Wengine walikuwa wamekumbatiana. Kijana mmoja mwenye miwani akaenda mbele kuongoza mazungumzo, akasema mwigizaji huyu ni dhahiri alikuwa Auschwitz mwenyewe, maana mambo kama yale hayaigizwi. Watu wakaafiki kwa vichwa. Mama mmoja wa Kislovakia, anayenunua kwangu mikate ya maziwa, akasema naye anaamini hivyo, aliuona mwili wa mtu aliyekuwepo.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama, na Vera bado amenishika mkono. Kiingereza changu unakijua, kinatosha kuuzia keki. Nikasema, "Hakuwepo. Yule ni mdogo wangu, Ágota Szepes. Alikuwa mtoto, alifichwa shambani. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Ukumbi wote uligeuka. Watu wanaonijua kwa aproni walinitazama. Nilidhani nitaanguka, lakini goti langu nalo bado linajua kazi. Nilikuwa nimejaa fahari, Ági, kiasi cha kutosema vizuri. Sikuwa nimeona fahari kwa jambo lolote la kule, na sikujua kwamba inawezekana.

Yule kijana mwenye miwani alikuwa na adabu. Aliniuliza polepole, "Kama hakuwepo, bibi, alijuaje?"

Vera akataka kunifasiria, nikamzuia. Nikamjibu mwenyewe, na nilitaka kila mtu asikie.

"Nilirudi nyumbani," nikasema, "nikala mbele yake."

Dada yako,
Klára